Baada ya Chuo: Vijana wa Kiyahudi wa Marekani na Nyumba ya Somerville

Mwanafunzi wa Kiyahudi katika chuo kikuu cha Marekani ana pa kwenda Ijumaa jioni. Tangu Rabi Benjamin Frankel aanzishe Hillel katika Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 1923, wanafunzi wamepata pa kusali, pa kula chakula cha Sabato na pa kufahamiana. Tabu huanza wakishavua majoho ya mahafali. Kijana anahamia mji mgeni kwa ajili ya kazi, anapanga chumba, hajaoa wala kuolewa. Sinagogi la mtaani limejipanga kuhudumia familia: madarasa ya watoto, ada ya mwaka. Yeye hana fungu lake pale.

Pengo hilo ni la zamani. Chama cha vijana wa Kiyahudi cha New York kilianzishwa mwaka 1874, nacho ndicho asili ya kituo mashuhuri cha utamaduni kilichopo leo Barabara ya 92. Hata hivyo, vyama vya namna hiyo vilikuwa mpango wa wakubwa kwa ajili ya vijana.

Mwaka 1968 vijana walijipangia wenyewe. Arthur Green, rabi aliyekuwa bado hajafika miaka thelathini, na wenzake walianzisha Havurat Shalom huko Cambridge, jirani na Boston, kisha wakahamia kwenye nyumba ya kawaida mjini Somerville. Vita vya Vietnam vilikuwa vimepamba moto, na kwa kuwa kundi lilisajiliwa kama seminari, wanafunzi wake waliweza kuomba kutoandikishwa jeshini. Walisali wameketi kwenye mito sakafuni, wakitazamana. Hapakuwa na mimbari wala viti vya mbele vya wafadhili. Waliokuwamo waliongoza sala kwa zamu, wakafundishana Torati, wakala pamoja.

Moto huo ulienea haraka. Mwaka 1969 New York nayo ikapata havura yake, yaani kundi dogo la kusali na kujifunza pamoja kama lile la Somerville. Humo yalichipuka mazungumzo yaliyozaa Ezrat Nashim, kundi la wanawake vijana ambao mwaka 1972 waliufuata mkutano wa marabi wa Conservative, moja ya madhehebu ya Kiyahudi, na kudai usawa katika ibada. Mwaka uliofuata kamati ya sheria ya marabi hao iliruhusu wanawake wahesabiwe katika akidi ya watu kumi inayohitajika kwa sala ya pamoja. Mwaka huohuo, 1973, kilitoka The Jewish Catalog, kitabu cha Richard Siegel na Michael na Sharon Strassfeld kinachomwelekeza msomaji kuoka mkate wa Sabato na kutengeneza shali ya sala kwa mikono yake. Kilinunuliwa kwa wingi mno.

Waliokuja baadaye wamepita njia hiyohiyo. Kehilat Hadar ilianza Manhattan mwaka 2001 kwa sala zilizoongozwa na vijana wenyewe. Moishe House ilianza Oakland, California, mwaka 2006: vijana wachache huishi nyumba moja, hupunguziwa kodi, nao hukaribisha wenzao kwa chakula, masomo na sikukuu. Hapa wenye fedha wamefanya jambo la busara, maana wanachangia kodi na kuwaachia wakazi kazi ya kukaribisha.

Wanaoandika historia ya Wayahudi wa Marekani hupenda kuanzia kwenye masinagogi makubwa ya Fifth Avenue mjini New York. Nawasihi waipe nyumba ile ya Somerville sura yake kamili.