Whitechapel, 1888: Muuaji Aliyepewa Jina Magazetini

Usiku wa kuamkia Agosti 31, 1888, Mary Ann Nichols alitolewa nje ya nyumba ya kulala huko Whitechapel, mashariki mwa London, kwa kukosa peni 4 za kitanda. Kabla hakujapambazuka alikutwa Buck's Row amekatwa koo. Siku nane baadaye aliuawa Annie Chapman, naye aliyekosa pesa za kitanda, uani mwa nyumba namba 29, Hanbury Street.

The Star, gazeti la jioni lililoanzishwa Januari mwaka huo, liliuzwa nusu peni na lilikuwa likisaka wasomaji. Likamtangaza mshukiwa aliyeitwa "Aproni ya Ngozi", likisema ni Myahudi. Wayahudi wakaanza kutukanwa na kutishwa mitaani. John Pizer, fundi viatu, akakamatwa Septemba 10 akidhaniwa kuwa ndiye. Usiku aliouawa Nichols, Pizer alikuwa mbali, kaskazini mwa jiji, akizungumza na askari kuhusu moto uliokuwa ukiwaka bandarini! Akaachiwa, lakini jina lake lilikwisha kupakwa matope.

Septemba 27, shirika la habari la Central News likapokea barua ya wino mwekundu yenye saini ya Jack the Ripper. Polisi wakaibandika nakala yake mabangoni, wakitumaini mtu atautambua mwandiko. Badala yake zikamiminika mamia ya barua za uongo, huku wapelelezi wakihangaika nazo. Baadhi ya wakuu wa polisi waliamini kwamba barua ile ya kwanza ilitungwa na mwandishi wa habari, nami naona hoja yao ina nguvu.

Siyalaumu magazeti kwa kuandika. Dhiki ya Whitechapel ilistahili kuandikwa. Nayalaumu kwa kumpa muuaji jina la kudumu, huku wanawake wenyewe wakiitwa makahaba tu. Mwanahistoria Hallie Rubenhold, katika kitabu chake cha mwaka 2019, anasema kwamba kwa watatu kati ya wanawake watano wanaohesabiwa kuuawa na muuaji huyo hakuna ushahidi wa dai hilo.

Nichols alikuwa mama wa watoto watano, mke wa mchapaji waliyeachana. Mume wa Chapman alikuwa akiendesha magari ya farasi ya matajiri. Elizabeth Stride, mzaliwa wa Sweden, na Catherine Eddowes waliuawa usiku mmoja, Septemba 30. Mary Jane Kelly aliuawa chumbani mwake Novemba 9. Hadi leo hakuna aliyetiwa hatiani kwa vifo vyao.