Kilomita 344 za London na Paris

Ukipiga mstari ulionyooka kutoka London hadi Paris, unapata kilomita 344 hivi. Ni safari ya kula andazi na kumaliza kikombe cha chai. Lakini ndege zimeirudia kwa zaidi ya miaka 100, na muda wake una kisa chake.

Agosti 25, 1919, vita vikiwa vimekwisha miezi tisa tu nyuma, rubani Bill Lawford aliruka kutoka uwanja wa Hounslow Heath, magharibi mwa London. Ndege yake ilikuwa ya kivita, ikageuzwa ya abiria. Abiria mwenyewe alikuwa mmoja, mwandishi wa habari. Mzigo ulikuwa magazeti, ngozi, ndege wa porini waliowindwa na malai ya Devonshire. Baada ya saa mbili na nusu hivi akatua Le Bourget, uwanja wa Paris, na safari za kila siku za abiria baina ya miji hiyo miwili zikawa zimeanza.

Nyakati hizo marubani walitafuta njia kwa kutazama chini: barabara, reli, mto. Hilo liliwaponza. Aprili 7, 1922, katika ukungu wa Picardie, kaskazini mwa Ufaransa, ndege ya Kiingereza na ya Kifaransa zilikuwa zikifuata barabara ileile, kila moja ikitoka upande wake. Ziligongana uso kwa uso. Watu wote saba waliokuwamo walikufa. Ndipo ikakubaliwa kila rubani ashike mkono wa kulia wa njia, hata Mwingereza ambaye akiwa na gari lake hushika kushoto.

Njia hiyohiyo ndiyo iliyoizaa “mayday”. Frederick Mockford, mkuu wa redio katika uwanja wa Croydon, kusini mwa London, alitakiwa atafute neno la kuomba msaada ambalo kila mtu angelielewa. Kwa kuwa ndege nyingi za Croydon zilikuwa za kwenda na kurudi Le Bourget, akalichonga kutokana na Kifaransa cha “nisaidie”. Rubani anayepata balaa leo juu ya Ziwa Viktoria hutamka neno hilo.

Kisha ikaja Julai 29, 1950. Viscount, ndege ya pangaboi zinazozungushwa na injini ya tabo, iliondoka uwanja wa Northolt, London, na abiria 14 waliolipa nauli, pamoja na wageni waalikwa, ikatua Le Bourget baada ya dakika 57. Hakuna ndege ya aina hiyo iliyowahi kubeba abiria wa ratiba kabla yake.

Na baada ya hapo? Jeti zikaja, zenye mbio kuipita Viscount, lakini ratiba ya leo kati ya viwanja vya Heathrow, London, na Charles de Gaulle, Paris, huandika saa moja na robo na zaidi. Hewani kwenyewe mara nyingi haifiki saa. Muda unaobaki unaliwa ardhini, kwenye foleni ya kuruka na mwendo mrefu wa kwenda kuegesha. Hapo hujahesabu ukaguzi wa mizigo, wala usafiri wa kutoka mjini hadi uwanjani. Kwa maoni yangu, mbio za njia hii ziliishia kwa Viscount.

Tangu Novemba 2007, treni ya Eurostar inayopita chini ya bahari hutumia saa mbili na robo hivi kutoka St Pancras hadi Gare du Nord, katikati ya mji hadi katikati ya mji. Lawford, angani, alichelewa kuliko treni hiyo kwa robo saa.