Riwaya ya Kiingereza ilianzia gazetini?

Wasomaji wangu, chuoni tulikaririshwa kwamba riwaya ya Kiingereza iliinuka karne ya 18 kwa sababu tabaka la kati lilipanuka na watu wengi wakajua kusoma. Ian Watt aliyaandika hayo mwaka 1957 na bado ananukuliwa. Sina ugomvi naye. Ila sisi wa magazeti tuna jambo letu la kutazama hapo: Daniel Defoe alikuwa mwenzetu.

Sheria ya kukagua maandishi kabla ya kuchapwa ilikoma Uingereza mwaka 1695, na magazeti yakaota kama uyoga. Mwaka 1703 Defoe alifungwa Newgate kwa sababu ya kijitabu cha kejeli kuhusu dini, kisha akasimamishwa hadharani siku tatu, shingo na mikono imebanwa kwenye mbao. Mwaka uliofuata akaanzisha gazeti lake, Review, akaliendesha hadi 1713 huku akilipwa na wakubwa wa serikali kwa siri. (Hilo nalo tunalijua, au siyo?)

Robinson Crusoe ilitoka Aprili 1719, yeye akikaribia miaka 60. Jina lake halimo! Ukurasa wa mwanzo unasema Crusoe kaandika mwenyewe, na dibaji inadai ni habari za kweli. Wacha Mungu wengi wa enzi zile waliona kubuni kisa ni kusema uongo tu, hivyo Defoe akatumia mbinu za ripota: tarehe, idadi ya siku, hesabu ya baruti na mikate. Mwaka 1722 akarudia mchezo huo kwa kitabu cha tauni ya London ya 1665, akisimulia kama mtu mzima aliyeishuhudia, wakati mwaka huo alikuwa mtoto wa miaka kama mitano.

Kinachonikera ni hiki. Crusoe anamuuza Xury, kijana aliyetoroka naye utumwani Morocco, kwa vipande 60 vya fedha. Meli yake inavunjika akienda Guinea kununua watumwa. Yote hayo yanasimuliwa kwa sauti ileile ya kuhesabu mikate, na msomaji anapita tu.

Richardson, mchapaji, naye alijiita mhariri tu wa barua za Pamela, mwaka 1740. Aliyechoka na maigizo hayo ni Henry Fielding, ambaye sheria ya 1737 ilikuwa imemfukuza kwenye tamthilia. Ndani ya Tom Jones, 1749, anaongea na msomaji waziwazi kwamba kisa ni chake na atakipeleka anakotaka.