Mfereji wa Suez na Asili ya Motokaa Ndogo

Tarehe 26 Julai 1956, Rais Gamal Abdel Nasser alipotangaza mjini Alexandria kwamba Mfereji wa Suez umekuwa mali ya taifa la Misri, Waingereza wenye motokaa hawakudhani kuwa habari ile ingewafuata hadi milangoni mwao. Lakini Uingereza, Ufaransa na Israeli zilipoishambulia Misri, mfereji ukazibwa kwa merikebu zilizozamishwa makusudi, na bomba lililopitisha mafuta ya Iraki katika ardhi ya Syria likalipuliwa, hata mafuta ya Ghuba yakawa hayana njia ya kufika Ulaya kwa bahari ila kuizunguka Afrika nzima.

Kuanzia tarehe 17 Disemba serikali ya London ikagawa petroli kwa kuponi, kiasi cha kumfikisha mtu takriban maili 200 kwa mwezi. Dhiki ilizidi hata mitihani ya udereva ikasimamishwa, watahini wakapelekwa kusaidia kugawa petroli, na wanagenzi wakapewa idhini ya kuendesha pasipo mwalimu ubavuni.

Hapo ndipo vigari vilivyotengenezwa Ujerumani kama Isetta, chenye injini ya pikipiki na mlango mmoja tu, tena ulio mbele kabisa na wenye kufunguka pamoja na usukani wake, vilipopata wanunuzi ambao mwaka uliotangulia wasingevitazama mara mbili. Mimi siwalaumu, maana mwenye shughuli zake hawezi kungoja wakubwa wapatane.

Leonard Lord, mkuu wa kampuni ya motokaa ya BMC, alivichukia vigari vile, akamwagiza mhandisi Alec Issigonis, mzaliwa wa Smyrna, aunde motokaa ndogo lakini kamili, kwa sharti kwamba atumie injini ambayo kampuni ilikuwa nayo tayari. Issigonis akailaza injini kwa upana, giaboksi akaiweka chini yake zitumie oili moja, nguvu akaipeleka magurudumu ya mbele, nayo magurudumu akayafanya ya inchi 10; na kwa maarifa hayo motokaa ya urefu wa futi 10 ikawaweka watu wanne bila kubanana sana. Hata madirisha aliyafanya ya kuteleza, ili ndani ya kila mlango ipatikane nafasi ya mfuko mkubwa wa mizigo.

Motokaa hiyo, yaani Mini, ilipotolewa tarehe 26 Agosti 1959, kwa bei iliyopungua kidogo pauni 500, mgao wa petroli ulikuwa umekoma tangu Mei 1957. Wanunuzi walisita kwanza, na zile za awali zilipenywa na maji ya mvua hadi sakafuni. Lakini matajiri wa London walipoipenda, udogo wa motokaa ukaacha kuwa aibu. Kwangu mimi jambo hili ndilo kubwa: uhaba ulimlazimisha mtu kununua kigari kidogo, bali ufundi ndio uliomfanya aridhike nacho hata neema iliporejea.

Mwaka 1973 nchi za Kiarabu zilipozuia mafuta, na bei ya pipa ikapanda kutoka dola 3 hivi hadi karibu dola 12, Wamarekani wengi waliacha motokaa zao kubwa wakakimbilia za Kijapani, mojawapo Honda Civic, ambayo injini yake ililazwa kwa upana na kuendesha magurudumu ya mbele. Mpangilio huo ndio ulio pia katika Toyota Vitz zinazojaa barabara za Dar es Salaam na Nairobi leo.