Kijinga cha Moto Ungoni

Tukisimuliana habari za moto wa kale, mara nyingi tunakimbilia kupekecha: mtu amechuchumaa, kijiti cha ulindi kiko kati ya viganja, jasho linamtoka. Picha hiyo ni ya kweli, ila imefunika kazi iliyokuwa kubwa zaidi. Kwa maoni yangu, watu wa Songea na Ungoni yote, kusini mwa Tanzania, walitumia akili nyingi zaidi kuutunza moto kuliko kuuzalisha, na shahidi wa kwanza ni lugha. Ukuni unaoungua ncha moja una jina lake, kijinga. Kuna kukoka, kuna kuchochea, kuna kupalia makaa. Kiberiti, kwa upande wake, ni neno la kuja, kutoka Kiarabu, ambalo maana yake ya asili ni salfa. Njiti za kusugua alianza kuziuza John Walker huko Uingereza mwaka 1827, miaka 70 kabla Wajerumani hawajaweka boma Songea.

Kupekecha kunadai kijiti kikavu kigumu, kibao laini chenye kitundu, na nyasi za kupokea cheche. Unga mweusi hujikusanya kitunduni, hufuka moshi, humwagwa kwenye nyasi, kisha hupulizwa taratibu mpaka ulimi wa kwanza utokeze. Sasa jaribu hayo mwezi Januari, mvua ikiwa haijakatika wiki nzima. Ndiyo maana gogo gumu la miyombo lilifukiwa majivuni usiku na kufukuliwa alfajiri, na aliyezimikiwa akaenda kwa jirani na kigae kuomba kaa.

Atatokea wa kusema kwamba Wangoni walikuwa watu wa safari, waliovuka Zambezi mwaka 1835 wakitoka kusini, na kwamba misafara ya Kilwa na Ziwa Nyasa ilipita huku. Watu wa kambini hawana jirani wa kuwaomba moto. Hoja ina uzito, na bila shaka porini ulindi ulihitajika. Lakini msafara wenye wanawake, watoto na ng'ombe ni kijiji kinachotembea, na kijinga hubebeka: upepo wa mwendo wenyewe hukipuliza.

Mwingine atasema nausifu moshi uliowaumiza mama zetu macho na kuhatarisha nyumba za nyasi. Sikatai, kiberiti kiliondoa adha kubwa. Lakini tukisahau utunzaji, hata Vita vya Majimaji hatutavielewa vizuri. Mwaka 1905 hadi 1907 majeshi ya Wajerumani yalichoma vijiji, mashamba na maghala, na njaa ikaua wengi kuliko risasi. Kijiji kilichochomwa kilipoteza chakula, na kilipoteza pia mahali pa kuomba moto. Moto wa adui ulizima mafiga.

Leo Ungoni hii ya mahindi ina kiwashio chake, gunzi kavu, ambalo wengine hulichovya mafuta ya taa. Njiti huzimika kwa pumzi moja. Gunzi hushika, likawa kaa jekundu, likangoja kuni zikolee. Hiyo ni kazi ileile ya kijinga, na ndiyo maana nashikilia kwamba historia ya moto wa Ungoni ianzie majivuni, kwenye gogo lililofukiwa usiku.