Santuri Moja ya Liverpool

Mara nyingi twausifu mti kwa matunda yake, tukaisahau mbegu. Mwaka 1958 vijana watano wa Liverpool, Uingereza, walioitwa The Quarrymen, walikwenda nyumbani kwa Percy Phillips, mwenye chumba cha kurekodia, wakaimba nyimbo mbili: mmoja wa kuazima, mmoja wa kutunga wenyewe. Walipata santuri moja tu, wakapokezana. Watatu kati yao, Lennon, McCartney na Harrison, baadaye walivuma duniani kwa jina la The Beatles. Santuri ilibaki kwa mpiga piano wao, John Duff Lowe, hata mwaka 1981 McCartney alipoinunua. Mwaka 1995 ulimwengu ukazisikia nyimbo zile. Ingalitupwa, mwanzo huo ungalipotea. Basi nasi tuzitunze sauti changa za vijana wetu. Akiba haiozi.