Kiwanda Bila Korosho

Gazeti lililoniajiri lilipofilisika, likiwa na mishahara yangu ya miezi minne, nilirudi kwetu Newala. Bibi jirani, aliyewahi kufanya kazi kiwanda cha korosho, akacheka: "Mjukuu wangu, karibu chamani."

Serikali ilijenga viwanda kwa mkopo wa Benki ya Dunia, vya Masasi na Newala vikiwemo. Korosho zenyewe zilikuwa zinakwisha: tani 145,000 hivi msimu wa 1973/74, chini ya 20,000 msimu wa 1986/87. Vijiji vya ujamaa viliwaweka watu mbali na mikorosho yao, bei ikawa ya kukatisha tamaa, ubwiriunga ukamalizia. Mashine zikakosa cha kubangua. (Kwetu gazetini, yalikwisha matangazo.)

Bibi alirudi kupalilia mikorosho yake. Mimi sina hata mti mmoja.